Mfumo ukigoma, nani ajibu: mtu wa TEHAMA, mwenye idara au bodi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mei 2021 LUKU, mfumo wa kununua umeme wa kulipia kabla hapa Tanzania, iligoma kwa siku kadhaa. Watu walikuwa na hela kwenye simu na giza ndani ya nyumba. Waziri wa Nishati wa wakati ule, Dk. Medard Kalemani, akaagiza meneja wa TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) wa TANESCO, shirika la umeme, na wasaidizi wake wawili wasimamishwe kazi. Mitaani wengi walipiga makofi.

Mimi sikuridhika, na siisemi TANESCO peke yake, kwa kuwa karibu kila taasisi yetu inafikiri vivyo hivyo: mfumo ni kompyuta, kompyuta ni TEHAMA, basi lawama ni za TEHAMA. Lakini kuuza umeme si kazi ya TEHAMA. Ni kazi ya shirika lenyewe, ndiyo riziki yake. Mwenye mauzo ndiye anayepaswa kujua mfumo wake unabeba wateja wangapi kwa wakati mmoja, ukianguka kuna njia gani ya pili, na matengenezo yafanyike saa ngapi ili yasiumize watu. Hoja yangu ni kwamba kila mfumo uwe na mwenyewe, na mwenyewe awe mkuu wa idara ambayo kazi yake inafanywa na mfumo huo. Fundi ajibu kwa ufundi wake. Aliyeamua kitu gani kifanyike, kwa ajili ya nani na lini, ajibu kwa uamuzi wake.

Fungueni mpango mkakati wa taasisi ya umma muone. Lengo A ni UKIMWI na magonjwa yasiyoambukiza, lengo B ni rushwa, kisha zinafuata huduma, mapato na rasilimali watu. TEHAMA utaikuta huko mwishoni, "kuimarisha matumizi ya TEHAMA", na kipimo chake ni idadi ya kompyuta zilizonunuliwa. Hakuna anayeuliza kompyuta hizo zimepunguza foleni ya nani.

Wasomi walishalichora jambo hili zamani. Mwaka 1993 Henderson na Venkatraman walitoa kielelezo chenye sehemu nne: mkakati wa biashara, mkakati wa teknolojia, muundo na taratibu za shirika, na miundombinu ya teknolojia. Walisema safari inaweza kuanzia upande wa biashara, na inaweza pia kuanzia upande wa teknolojia, teknolojia ikaibadili biashara. Sisi tumebakiza mshale mmoja tu, wa kutoka juu kwenda chini, na mwisho wake kuna kijana mwenye bisibisi anayeitwa kuangalia printa.

Mfano ninaoupenda ni M-Pesa, maana watu huusimulia nusu. Ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, haikuwa ya kutumiana hela. Vodafone na Safaricom, kwa mchango wa fedha za serikali ya Uingereza, walitaka wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, warejeshe mikopo yao kwa simu. Kiufundi ikafanya kazi. Kibiashara ikamtatiza Faulu. Mkopo wake ulisimama juu ya kikundi: watu wakutane, wajuane, wadhaminiane. Sasa mtu analipa akiwa sokoni na mkutanoni haonekani tena. Isitoshe, hesabu za simu hazikusomana na vitabu vya Faulu, ikabidi watumishi wazilinganishe kwa mkono. Wakati huohuo wateja walikuwa wameshaanza kuitumia kwa mambo yao: huyu anamtumia ndugu yake hela, yule anaweka hela kabla ya safari anazitoa akifika. Wenye mradi wakaliona hilo, na Machi 2007 Safaricom wakazindua huduma ya kutuma pesa nyumbani, wakiegemea mtandao wa wauzaji wa salio waliokuwa nao tayari.

Teknolojia ni ileile, mikakati ni miwili. Faulu ilimkwaza, Safaricom ikamtajirisha. Hakuna fundi ambaye angeliamua hilo akiwa kwenye chumba cha seva. Alihitajika mtu wa biashara anayesoma takwimu za matumizi na mwenye ubavu wa kuutupa mpango aliokuja nao.

Karibuni. Nataka hasa kuwasikia wanaopinga.

Mhasibu, serikali za mitaa

Mkuu, hoja nzuri ila ina mtego. Ukisema kila idara imiliki mfumo wake, utaturudisha tulikotoka: ardhi wana wao, mapato wana wao, afya wana wao, na hakuna unaosomana na mwenzake. Mwananchi anaandika jina lake mara tatu ndani ya jengo moja. Kilichotuokoa ni nguvu ya katikati. Angalia GePG, mfumo mmoja wa serikali wa kupokea malipo, ulioanza 2017. Kabla yake taasisi zilikuwa na akaunti zake na makubaliano yake na mabenki. Ukitaka kujua makusanyo unapiga simu na kusubiri. Leo namba ya kumbukumbu ya malipo, kontrol namba kama mtaani tunavyoiita, inatumika kuanzia faini ya barabarani hadi ada ya chuo. Tungeziachia idara, tungekuwa bado tunabishana juu ya rangi ya risiti. Ndiyo maana Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ikaipa e-GA, yaani Mamlaka ya Serikali Mtandao, meno.

Mleta mada

Ndugu mhasibu, GePG ni shahidi wangu, usiniibie. Mwenye GePG ni Wizara ya Fedha, yuleyule mwenye jukumu la fedha za umma. Alijua anachokitaka, yaani makusanyo yaonekane siku hiyohiyo, na alikuwa na mamlaka ya kumwambia kila mkuu wa taasisi autumie. Kitengo cha kompyuta kisingeweza hata kuandika barua hiyo. Kuhusu kusomana nakubali, viwango viwekwe na mmoja. Ila anayeweka viwango si mwenye mfumo. e-GA ikague kama mfumo wa hospitali unasomana na wa bima. Foleni ya hospitali ibaki kuwa ya mganga mfawidhi.

Mtu wa TEHAMA, benki

Benki siitaji. Habari kwamba tunaanza kutoa mkopo kwa simu niliipata kwenye tangazo la redio. Nasema redio! Watu wa masoko walishalipia vipindi, tarehe imepangwa, msanii amepatikana, ndipo tukaitwa kuulizwa, "Mfumo uko tayari?" Tukasema tunahitaji muda wa kuujaribu ukiwa na mzigo wa wateja wengi kwa pamoja. Tukaambiwa tusiwe watu wa kukatisha tamaa. Siku ya uzinduzi ulizidiwa kabla ya saa nne asubuhi, na barua ya kujieleza nikaandikiwa mimi. Msanii alilipwa.

Mfanyabiashara, Kariakoo

Nyie watu wa TEHAMA mnajitetea mno. Mnatuletea mfumo wa mamilioni wenye vitufe arobaini, mtu wa stoo anahitaji vitatu. Mteja amesimama, bodaboda anapiga honi, mfumo unamuuliza stoo "kategoria ya bidhaa". Kijana anarudi kwenye daftari, jioni ndiyo anahamishia kwenye kompyuta, na mzigo ukipotea tunaliamini daftari. Mkipewa kiti kwenye menejimenti mtaleta nini zaidi ya bei ya leseni?

Mtu wa TEHAMA, benki

Kaka, huo mfumo nani alikaa na mtu wa stoo kabla ya kununua? Jibu hilo kwanza.

Mfanyabiashara, Kariakoo

Hakuna aliyekaa naye. Ndicho ninachosema.

Ofisi ya shule, Nakuru

Kwetu Kenya umiliki ndio umekuwa kesi. Januari 2024 Wizara ya Elimu ilitoa agizo kwamba karo za shule zilipwe kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo. Sababu iliyotolewa ni uwazi, na uwazi mimi siupingi. Lakini mkakati wa shule ya bweni, ukiuondolea maneno makubwa, ni kuwalisha watoto wiki hii. Bursa, yaani mtunza fedha wa shule, anataka hela ziwe kwenye akaunti ya shule mwenye maharagwe akija kudai. Tena kuna wazazi wanaolipa kwa magunia ya mahindi na kwa kuni, na mfumo ule hauna mahali pa kuandika gunia. Watu wakaenda Mahakama Kuu, agizo likasimamishwa. Walioutengeneza hawakukosea kitu kiufundi. Waliulenga mkakati wa Hazina wakausahau wa jikoni.

Halafu kuna SHA, mamlaka ya bima ya afya, iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024. Mfumo wake wa kompyuta ni wa zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 104, na mwaka uliofuata Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akasema wazi kwamba serikali si mmiliki wake. Sasa mleta mada anataka mkuu wa idara awe mwenye mfumo. Hapa hata serikali yenyewe si mwenyewe. Daktari akiona skrini inazunguka na mgonjwa yuko kitandani, ampigie nani?

Msomaji, Uingereza (nafanya kazi kitengo cha vihatarishi)

Naona huruma imezidi hapa, kwa hiyo niwaletee kisa cha benki ya TSB. Aprili 2018 ilihamisha taarifa za wateja zaidi ya milioni 5 kutoka mfumo wa Lloyds, ambako ilikuwa mpangaji, kwenda mfumo mpya wa mmiliki wake mpya, benki ya Sabadell ya Hispania. Wateja hadi milioni 1.9 wakajikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao, na wengine waliona akaunti za watu wengine. Uhamisho huo wenyewe ulikuwa mkakati wa biashara, wa kuacha kumlipa Lloyds na kujitegemea. Mkurugenzi mkuu, Paul Pester, aliondoka Septemba mwaka huohuo. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha wakaitoza benki faini ya pauni milioni 48.65.

Hawakuishia hapo. Mwaka 2023 aliyekuwa mkuu wa TEHAMA alitozwa yeye binafsi pauni 81,620. Hakutozwa kwa sababu programu iligoma. Alitozwa kwa kutohakikisha ipasavyo kwamba SABIS, kampuni dada iliyopewa kazi ya kujenga na kuendesha mfumo, ilikuwa tayari kwa kazi hiyo. Huyo alikuwa na cheo, mshahara wa cheo na nafasi ya kusema "bado". Kiti mnachokililia kina bili yake.

Mleta mada

Hapo ndipo nilipotaka mjadala ufike. Faini ile naikubali, na nitaeleza kwa nini naiona tofauti na agizo la 2021. Uingereza kiongozi wa juu wa benki anaandikiwa jukumu lake kwa jina kabla ya ajali. Anajua tangu siku ya kwanza kwamba hili likiharibika ataulizwa yeye. Halafu uchunguzi ulichukua miaka, benki ikatozwa mamilioni, ndipo ikaja zamu ya mtu mmoja. Agizo la LUKU lilitoka ndani ya siku zilezile ambazo watu walikuwa bado wanahangaika kununua umeme.

Kwa hiyo naongeza sharti kwenye hoja yangu. Mkuu wa TEHAMA apewe mamlaka ya maandishi ya kusema "hatuwashi leo", na akisema, tarehe isogezwe hata kama msanii ameshalipwa. Akiwa nayo na akanyamaza, atozwe kama yule wa TSB. Asipokuwa nayo, barua ya kujieleza iende kwa aliyepanga tarehe.

Ndugu wa Nakuru, mtengenezaji anaweza kuwa mtu wa nje, hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni mkataba usiosema taarifa za wagonjwa ni za nani siku mkandarasi akiondoka.

Mhasibu, serikali za mitaa

Mimi bado nipo palepale. Mamlaka ya kusema "hatuwashi leo" mkiwapa wakuu wa TEHAMA wote nchi hii, kuna mifumo haitawashwa hadi wastaafu.

Mweka hazina wa SACCOS, Moshi

Mnazungumza bodi na kurugenzi, sisi wadogo mmetusahau. Tuna wanachama mia chache, hatuna mtu wa TEHAMA, mfumo tumeukodi kwa kampuni, tunalipa kila mwezi. Mkakati wetu ni mmoja tu: mwanachama apate mkopo kabla shule hazijafunguliwa. Mwaka jana mkutano mkuu uliamua mkopo wa dharura uwe na riba ndogo kuliko mikopo mingine. Muuzaji akajibu kwamba mfumo hauruhusu riba mbili. Tukaacha. Azimio liko kwenye muhtasari, limesainiwa, na halitekelezeki. Sasa niambieni, mkakati wetu unaandikwa na nani?

Mleta mada

Dada, swali lako limetuzidi wote. Kwa sasa unaandikwa na muuzaji, na yeye wala hana habari. Kabla hamjaongeza mkataba, dai mambo haya yaandikwe. Taarifa zote za wanachama, akiba, hisa na mikopo, muweze kuzitoa wakati wowote katika faili mnaloweza kulifungua wenyewe; Eksel inatosha. Na mzitoe kweli mwezi huu, muone zinatoka zote, msisubiri siku ya kugombana. Pia bei na muda wa kubadili riba, marejesho na aina ya mkopo vijulikane mapema, maana hayo ndiyo mambo ambayo mkutano mkuu utayabadili kila mwaka. Akikataa, tafuteni mwingine mapema, msimu wa ada ukiwa bado mbali.

Halafu chagueni mwenye mfumo. Mimi ningempa mwenyekiti wa kamati ya mikopo, kwa kuwa mkopo ukichelewa wanachama wanamfuata yeye. Asiwe yule kijana wa ofisini ambaye sifa yake ni kujua kompyuta.

Mweka hazina wa SACCOS, Moshi

Ahsante. Tatizo ni kwamba huyo kijana ndiye peke yake mwenye nywila.