Nyimbo za "haru" zinamliza binti yangu: naomba mnieleweshe

Kutoka: Mama wa Saitama

Habari za siku nyingi ndugu zangu. Wakubwa shikamooni.

Binti yangu anamaliza chugakko, shule ya kati ya hapa Japani, mwezi huu. Mtihani wa kuingia koko, yaani sekondari ya juu, umepita na jina lake limo, Alhamdulillah. Nilidhani nyumba sasa itatulia. Badala yake kila jioni anajifungia na simu, anarudia nyimbo zilezile nne tano, na akitoka macho ni mekundu. Mwanzoni nilisingizia chavua ya miti ya sugi, maana Machi huku nusu ya mtaa inapiga chafya. Nikamuuliza. Akanijibu, "Mama, ni nyimbo za haru tu."

Haru najua ni majira ya kuchipua, baridi ikishaondoka. Sasa nyimbo za maua zinamlizaje mtoto aliyefaulu? Mwenye kijana wa umri huo anisaidie. Na sherehe ya kuhitimu ni wiki ijayo, wazazi tumealikwa, sijawahi kuhudhuria hata moja.

Kutoka: Dada wa Nagoya

Marahaba mama, na hongera kwa binti.

Hizo si nyimbo za maua, ni nyimbo za kuagana. Mwaka wa shule hapa unaisha Machi na mwingine unaanza Aprili, na katika miji mingi sakura, maua ya mcheri, hufunguka katikati ya hayo mawili. Mti uleule mtoto anaupita akiaga, na siku chache baadaye anaupita akiwa na sare mpya. Ndiyo maana mwanamuziki wa hapa akitaja sakura, kijana anasikia lango la shule.

Halafu fikiria darasa lake lenyewe. Chugakko ya serikali ni watoto wa mtaa mmoja, miaka 3 wanatembea pamoja kwenda na kurudi. Koko ni kwa mtihani. Mwezi ujao kila mmoja atapanda treni yake. Kufaulu kwake ndiko kunakomtenga na wenzake, kwa hiyo furaha na msiba vimemjia katika bahasha moja.

Wangu wa kwanza alinikalisha chini akanisikilizisha moja moja, nami nakupa nilichokiokota. Kundi la Yorushika wana "Haru Dorobo", mwizi wa majira ya kuchipua, ya Januari 2021. Mwizi ni upepo. Unapukutisha maua ya sakura kama wakati unavyopukutisha umri wa mtu, na mwimbaji anayatazama yakiisha. Hao hao Januari 2024 walitoa wimbo wa kufungulia katuni ya Frieren, unaitwa "Haru". Ukiusikia utasema ni haru ileile. Ukiuona umeandikwa, herufi yake ni ya mbingu kutakata baada ya mvua. Vijana wanaipenda sana michezo hiyo ya herufi, na mzazi asiyesoma kanji, herufi zenye maana, inampita kabisa. Mimi ilinipita mwaka mzima.

Kama ananyamaza zaidi akisikiliza "Seikai" ya bendi ya RADWIMPS, usishangae. Mwaka 2018 NHK, shirika la utangazaji la umma, iliwakusanya vijana 1,000 wa miaka 18 hivi, wakauimba pamoja na bendi hiyo jukwaani. Jina lake ni "jibu sahihi". Unasema shuleni tulifundishwa maswali yenye majibu, lakini namna ya kupatana na rafiki mliyekosana, au ya kuuvuta moyo wa unayempenda, hakuna aliyeisahihisha. Unamalizikia kwa sauti ya msimamizi akiwaambia watahiniwa waanze, na muda waliopewa ni maisha yao yaliyobaki. Mtoto aliyetoka kwenye mtihani wiki tatu zilizopita, mwache alie.

Kuhusu sherehe: beba slipa zako na mfuko wa kutilia viatu, maana ukumbi wa michezo wa shule huingii na viatu vya nje. Ukumbi ni wa baridi, bandika kairo, pakiti ya kutia joto, mgongoni. Wazazi wengi huvaa suti nyeusi au ya buluu iliyokoza. Mimi nilivaa gauni la kitenge na koti jeusi juu yake, na hakuna aliyenitazama vibaya.

Kutoka: Baba wa Chiba

Dada wa Nagoya ameeleza vizuri. Mimi nataka kusema kosa nililolifanya ili mwingine asilirudie.

Mwaka jana nilipita mlangoni kwa kijana wangu nikasikia wimbo unapiga kelele kwamba nawachukia watu, nawachukia hata marafiki. Kijapani changu ni cha kiwandani, lakini neno "daikirai", nachukia sana, nalijua. Niliogopa. Nilidhani anaonewa shuleni, au amejiunga na watu wabaya mtandaoni. Nikamnyang'anya simu siku nne.

Aliyenifungua macho ni mke wa mfanyakazi mwenzangu, mama wa hapa hapa. Wimbo ule ni "Shunshu" wa bendi ya Mrs. GREEN APPLE, ulitoka 2018. Jina ni huzuni inayomjia mtu majira ya kuchipua. Kiitikio kinaanza na kuchukia, kisha pumzi ileile kinakiri kwamba kwa kweli anawapenda. Mimi nilisikia nusu ya kwanza nikahukumu. Kijana alikuwa anaimba anavyowapenda wenzake na asivyoweza kuwaambia.

Nilimrudishia simu na nikamwomba radhi, mimi baba yake. Kabla ya kukataza wimbo, mwambieni mtoto autafsiri wote hadi mwisho. Wangu alipoutafsiri alitumia Kiswahili kizuri kuliko nilivyojua anacho.

Kutoka: Mzee wa Sapporo

Wanangu, hamjambo.

Huku kwetu siku ya kuhitimu theluji ingali imelala uwanjani, na sakura huja mwisho wa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Watoto wa huku Hokkaido, kaskazini, wanaimba maua ambayo hawayaoni nje ya dirisha, na wanaimba kwa moyo uleule. Nimeishi hapa miaka 22 na jambo hilo linanigusa kila Machi.

Mama wa Saitama, umetumia neno "majira ya kuchipua". Wengine hutafsiri haru kuwa masika, na mimi huwarekebisha, kwa sababu masika ya kwetu ni mvua kubwa na barabara za tope. Kuchipua ndilo neno, tena linakupa jibu la swali lako. Kwa Kijapani ujana huitwa "seishun", herufi mbili: rangi ya jani bichi, na haru. Vijana wa leo huzisoma herufi hizo kwa namna yao, husema "aoharu". Nasi kijana tunamwitaje? Chipukizi. Watu wawili waliokaa mbali namna hii wametazama mti uleule ukitoa majani wakamfikiria mtoto. Basi binti anapokwambia "nyimbo za haru", msikie kwamba anasema "nyimbo za uchipukizi wangu".

Na kwa kuwa uko Saitama: mkoani kwako, Chichibu, ndiko ulikozaliwa "Tabidachi no Hi ni", siku ya kuondoka. Mwaka 1991 mwalimu mkuu wa chugakko ya Kagemori aliandika maneno, mwalimu wa muziki akatia sauti, walimu wakawaimbia wanafunzi waliokuwa wanahitimu. Ulikuwa wa siku ile tu. Sasa unaimbwa katika shule za nchi nzima. Ukiusikia wiki ijayo, kaa sawasawa usikilize pale sauti zinapogawanyika.

Kutoka: Kaka wa Adachi

Shikamoo mzee, nimejifunza.

Naongeza la karaoke, maana baada ya sherehe ataomba kwenda na wenzake, na ningekushauri umruhusu. Tokyo sheria ya mkoa inawakataza walio chini ya miaka 18 kuingia humo kuanzia saa 5 usiku hadi saa 10 alfajiri. Kwa walio chini ya miaka 16 kuna mikoa na maduka yanayowatoa mapema zaidi, mengine jioni kabisa, kwa hiyo pigeni simu dukani kwanza. Abebe kitambulisho cha shule kabla hakijarudishwa, bei ya mwanafunzi ni nafuu.

Nawe pia nenda naye siku moja, ninyi wawili tu. Kwenye skrini juu ya kanji huwekwa hiragana ndogo, herufi za matamshi, unafuata bila kujikwaa sana. Anzeni na "Haru no Hi" wa mwimbaji Aimyon, wa 2019, mwendo wake si wa haraka. Unaanzia jukwaani kwenye stesheni ya Kita-Senju, hapa Tokyo, ambako mimi hubadilisha treni kila asubuhi. Ulitungwa kwa ajili ya filamu ya katuni ya Shin-chan, unawahusu wawili wanaokwenda kuanza nyumba yao, lakini vijana wameuchukua wakaufanya wao.

Kutoka: Mama wa Saitama

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Ninaandika usiku, tumerudi leo.

Slipa nilibeba, kairo niliweka mbili. Waliimba ule wa Chichibu. Wavulana walianza kwa sauti ya chini, wasichana wakaingia juu yao, na binti yangu mstari wa tatu alikuwa anaimba mdomo wazi huku machozi yanashuka bila kuyafuta. Mama aliyekaa kando yangu alinipa tishu. Hatujuani jina.

Jana usiku nilifanya kama Baba wa Chiba alivyosema. Nilimwomba anitafsirie "Seikai" wote. Alikwama kwenye neno moja, tukalitafuta pamoja hadi saa 6. Kisha akaniambia jina la rafiki anayekwenda koko ya mbali, jina ambalo sikuwahi kulisikia miaka 3 yote. Nimemwambia amlete ale pilau kwetu kabla Aprili haijaingia.

Karaoke ni Jumamosi, wako wanane. Nimepiga simu dukani: walio na miaka 15 wanatoka saa 12 jioni. Nitakuwa nimesimama stesheni.