"True-blue" kwa Kiswahili tusemeje?

Kalamu_Tandika:
Wadau, habari za jioni. Nimeaibika kazini. Natafsiri habari za nje, na jana nilipewa makala kuhusu mzee mmoja wa Uingereza ambaye tangu ujana wake anakipigia kura chama cha Conservative, hata chama kikivurunda. Mwandishi kamwita "true-blue". Mimi nikaandika "mwenye damu ya buluu". Mhariri akacheka mpaka akaita wenzake waje waone. Nikabadilisha, nikaweka "mwaminifu kwa chama". Akasema hapo umemfanya mweka hazina! Nisaidieni, kesho asubuhi inatakiwa.

Mzee_wa_Jangwani:
Kijana, damu ya buluu ni ya watu wa ukoo wa kifalme, hilo ni neno jingine kabisa. Huyo wako ni "Conservative damu", basi. Mimi ni Yanga damu, tukifungwa silali, lakini jezi sibadilishi. Unataka nini tena?

Bi_Kisosora:
Mzee wangu hapo juu kasema kweli, ila ngoja nikuonyeshe neno lenyewe lilikotoka, utalipenda.

Mama yangu aliuza khanga Tanga. Mzigo ukifika, kabla hajalipa, alikuwa analowesha pembe ya khanga moja, anaifikicha kwenye kitambaa cheupe, halafu anakitazama juani. Kikipata doa, anarudisha robota zima. Ndiyo maana wateja walimfuata hadi nyumbani: khanga za Mama Mkubwa hazichuji.

Sasa mimi naishi Coventry, hapa Uingereza, mwaka wa 12 huu, na mji huu ndio wenye kisa hicho. Zama za Kati, mafundi wa hapa walisifika kwa nguo za buluu ambazo hata uzifue vipi, rangi inabaki palepale. Ukawepo na msemo wa Kiingereza wa kumsifu mtu kuwa ni wa kweli kama buluu ya Coventry. Kwa hiyo "true" hapo inasema rangi imeshika, na "blue" ni nguo. Damu haimo kabisa! Na sisi hilo tunalo tayari: msanii aliyepoteza makali tunasema amechuja. Mzee wako hajachuja.

Halafu ana bahati, maana rangi ya Conservative ni buluu (Labour ni nyekundu), kwa hiyo mwandishi kapiga ndege wawili. Utani huo kwa Kiswahili hauvuki, usijisumbue nao.

Kalamu_Tandika:
Shikamoo Bi Mkubwa! Nimeelewa kuliko kamusi zote. Swali la mwisho: niliwahi kuliona kwa Waaustralia, mkulima wa ng'ombe anaitwa hivyohivyo. Na yeye hachuji?

Bi_Kisosora:
Marahaba mwanangu. Huyo weka "kindakindaki". Kule wanamsifu mtu kwa kuwa Mwaustralia halisi, wa asili, kama tunavyosema Mtanga kindakindaki. Habari ya chama haipo. Na ukikutana nalo kwenye gazeti la Marekani, fungua macho: tangu uchaguzi wa mwaka 2000 buluu ya kule imekuwa ya Democrats, wahafidhina ndio wekundu. Mwandishi anaweza kuwa anachezea rangi tu.

Mzee_wa_Jangwani:
Bi Kisosora, hiyo ya pembe ya khanga na mke wangu anaifanya, ila yeye anatumia mate. Muuzaji wa Kariakoo alimfukuza dukani.

Bi_Kisosora:
😂 Mwambie abebe kichupa cha maji.

Kalamu_Tandika:
Mrejesho: nimepeleka "Conservative damu, asiyechuja tangu ujana wake". Mhariri ameipitisha. Kaondoa koma tu, na kaniuliza nani kanifundisha.