D&D 2024: Ranger ameonewa tena. Toleo lijalo wasituletee haya!

Wakuu,

Nina hasira na sitazificha. Tangu toleo la tano la Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) litoke 2014, kelele za Ranger, mhusika wa aina ya mwindaji wa porini, kuachwa nyuma hazijaisha. 2016 watengenezaji wakajaribu kumrekebisha, 2020 wakamwongezea vipengele vya hiari. Tukavumilia, tukijua vitabu vipya vya 2024 vitamaliza kazi. Wapi!

Wamemjenga juu ya uchawi uitwao Hunter's Mark: unamtia adui alama, kila ukimpiga unaongeza dadu moja ya pande sita. Sina tatizo na hilo. Tatizo ni kwamba uchawi huo unakula umakini (concentration), yaani lazima uendelee kuushikilia, na umakini unashika uchawi mmoja tu kwa wakati. Ita wanyama kwa Conjure Animals, alama inafutika hapohapo. Fika levo ya 17 upate Swift Quiver, mishale mfululizo, kitu ambacho kila mpiga upinde anakililia, nao unadai umakini uleule. Kwa hiyo Ranger anapigana na uchawi wake mwenyewe kabla hajapigana na adui.

Na kinachoniuma kuliko vyote: kwenye rasimu ya majaribio ya Septemba 2022 sharti hilo la umakini walishaliondoa! Ranger akitia alama, umakini wake unabaki huru. Dawa walikuwa nayo mkononi, wakaitupa, kitabu kikatoka na sharti lilelile.

Halafu levo ya 20, ya juu kabisa. Barbarian, mhusika wa aina nyingine, anaongezewa 4 kwenye Strength (nguvu) na 4 kwenye Constitution (ustahimilivu). Ranger, dadu ya Hunter's Mark inatoka pande sita kwenda kumi. Piga hesabu: wastani ni nyongeza ya 2 kwa kila pigo. Mtu amemlea mhusika wake kampeni nzima, hadithi ndefu ya vikao vingi, mnampa 2? Huko ni kudharau wachezaji.

Siombi Ranger mpya. Toleo lijalo liondoe umakini kwenye Hunter's Mark, walau kuanzia levo ya 13. Sasa hivi levo hiyo inakuhakikishia tu kwamba ukiumizwa alama haipotei, ila ukitumia uchawi mwingine wa umakini imekwenda. Na levo ya 20 wampe kitu ambacho meza nzima itakiona.

Mnaoendesha mchezo kwenye meza zenu humu, nyie sharti hilo la umakini mmeshaliondoa? Mmeanzia levo ya ngapi, na mchezo umeharibika popote?