Kikundi cha waliopandikizwa figo: kuazimana dawa, mfuko na mikutano, tuweke kanuni gani?

KatibuWaMuda

Wakuu, habari za leo. Tuko watu 22 hapa Dar es Salaam: 15 wamepandikizwa figo, wanne ni ndugu waliotoa figo, watatu bado wako kwenye mashine ya kusafisha damu wanasubiri. Wengine walipandikizwa Muhimbili, wengine India, mmoja Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma. Mpaka sasa tuna grupu la WhatsApp tu. Kuanzia mwezi ujao tunataka kukutana mara moja kwa mwezi na kuchanga elfu kumi kila mtu.

Kinachotusumbua zaidi ni dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya, kama takrolimasi. Kila mwisho wa mwezi hakosi mtu wa kuandika "jamani, nani ana takrolimasi za 1 mg anikopeshe kumi". Anapatikana mwenye nazo, bodaboda anatumwa, yanaisha. Wapo wanaosema huo ndio ubinadamu wenyewe, wapo wanaosema ipo siku tutaua mtu. Tukataze au tuweke utaratibu?

La pili, mfuko. Ukopeshe kwa riba ndogo kama VICOBA, au usikopeshe kabisa? La tatu, mkutano wenyewe: tukae wapi, tule nini? Naomba majibu ya watu wanaoyajua haya mambo, si ya kukisia.

Mfamasia_Temeke

Nianze na dawa. Katazo la maneno matupu halitasaidia. Mtu aliyebakiwa na vidonge viwili Ijumaa usiku ataazima tu, ila sasa ataazima kwa siri, na ya siri ndiyo mabaya zaidi. Kwanza wanachama wajue hasa kinachoharibika.

Takrolimasi ziko za aina mbili. Ipo ya kawaida, inayomezwa kila baada ya saa 12, na ipo ya kutoka taratibu, inayomezwa mara moja kwa siku. Milligramu zinaweza kuwa zilezile na maboksi yakafanana, lakini moja haishiki nafasi ya nyingine kidonge kwa kidonge. Hata ndani ya aina moja, kuhama kutoka kiwanda hiki kwenda kile kunaweza kusogeza kiwango cha dawa kwenye damu, na nafasi kati ya kiwango kidogo mno (mwili unaikataa figo) na kikubwa mno (dawa yenyewe inaiumiza figo, mikono inatetemeka, sukari inapanda) ni finyu sana. Ndiyo maana daktari akibadilisha kiwanda huagiza kipimo.

Mikofenoleti, dawa nyingine ya kuzuia figo isikataliwe, nayo ina mtego wake. Ipo ya mofetili, 250 mg na 500 mg, na ipo ya sodiamu, 180 mg na 360 mg. 360 ya sodiamu inakaribiana na 500 ya mofetili. Sasa mtu wa 500 akiazimwa "kimoja cha mofetili" kikawa cha 250, amekula nusu dozi na hajui. Halafu ni dawa inayodhuru mimba. Mwanamke anayepanga kuzaa huachishwa na daktari angalau wiki sita kabla na kupewa nyingine, kwa kawaida azathioprini. Akiishiwa hiyo, akaazimwa "zile zetu za kawaida", mmemrudisha kwenye hatari bila kujua.

Kuna na vidonge vinavyofungwa kwenye kipande cha karatasi. Kapsuli za takrolimasi hazipendi unyevu, ndiyo maana zinakuja ndani ya mfuko wa foili. Ukizitoa zikakaa kwenye joto la Dar, kwenye dashibodi ya gari au juu ya friji, usitegemee zifanye kazi ileile.

Dawa ya tatizo lenyewe ni kuhesabu. Tarehe 1 na tarehe 15 kila mwanachama ahesabu vidonge vyake. Mwenye chini ya siku 14 aandike kwenye grupu neno moja tu, "chini", na katibu au mtu aliyeteuliwa amsukume aagize siku hiyohiyo. Nimesema 14 kwa sababu dawa hizi hazikai kila famasi, vibali vya bima huchukua siku, na katikati hapo kunaweza kuangukia Pasaka au Idi.

Ikitokea mtu ameishiwa kabisa, wa kwanza kupigiwa ni kliniki yake au daktari wa zamu. Hizi ni dawa za cheti. Daktari akikubali atumie za mwenzake, basi ipigwe picha ya boksi zima: jina, nguvu, kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Zitoke kwenye stripu ambayo haijafunguliwa, zisizidi za siku tatu, na kliniki iandike ili akapimwe kiwango ndani ya wiki. Bila hayo, hapana.

Dawa zilizoachwa na marehemu zirudi famasi ya hospitali. Najua familia huzileta kwa moyo mzuri, lakini zisigawiwe kikundini.

Na kuna jambo baya kuliko kuazima: kupunguza dozi kimyakimya ili zifike mwisho wa mwezi. Figo inaweza kukataliwa bila maumivu yoyote. Kreatinini (taka kwenye damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi) inapanda kwanza, mtu anajisikia mzima kabisa.

Sista_Kliniki

Mfamasia amemaliza la dawa. Mimi niongeze la siku ya mkutano.

Vikundi vingi hupenda kukutana siku ya kliniki ili kuokoa nauli. Si wazo baya, ila angalieni damu. Kipimo cha takrolimasi huchukuliwa kabla ya dozi ya asubuhi. Anayemeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku aje na dozi yake mfukoni, atolewe damu, ndipo ameze. Kinachotokea ni kwamba mtu anafika, anakutana na wenzake, anapewa chai na maandazi, anameza kwa mazoea, kisha anaenda maabara. Kipimo kinatoka juu, daktari anapunguza dozi ambayo haikuwa na kosa. Kwa hiyo maabara kwanza, chai baadaye, na kwenye fomu iandikwe saa ya dozi ya mwisho.

Pa kukaa: uwanja, baraza au chini ya mwembe. Chumba cha kiyoyozi kilichofungwa sikishauri. Kifua kikuu kipo mjini na hawa ni watu ambao kinga yao imeshushwa makusudi. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani asikilize kwa simu. Waliopandikizwa chini ya miezi mitatu nao wajiunge kwa simu, labda kliniki yao iseme vingine.

Chakula kiwe cha moto, kilichoiva, na kiliwe mara kinapopakuliwa. Wali, samaki wa kukaanga, maharage, mchicha, matunda ya kumenya wenyewe. Kachumbari ya mgahawani muiache. Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa muuache, mayai ya rojorojo pia, nyama choma yenye damu ndani pia. Barafu ya mtaani hujui maji yake. Balungi ndilo tunda la kukatazwa kabisa, liwe juisi au lenyewe, na furungu na danzi muyaweke kundi hilohilo. Yanazuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja takrolimasi, dawa inapanda kwenye damu, na athari inaweza kukaa siku mbili tatu. Machungwa ya kawaida na maembe hayana shida hiyo. Madafu na ndizi ni kwa ambaye potasiamu yake iko sawa. Soda msiwe mnaweka kreti mezani, maana prednisoloni (steroidi ambayo wengi wenu mnameza) na takrolimasi zote zinapandisha sukari.

Mwanachama akipata homa ya 38 au zaidi aende hospitali siku hiyohiyo. Hapa kwetu homa ikianza kila mtu anajua jina lake, "malaria", na muuza duka anakata dozi. Kipimo cha malaria kifanywe ndiyo, lakini na mkojo upimwe, na damu, kwa sababu maambukizi mengine huanza hivyohivyo. Kuharisha nako wasikungojee kuishe. Mtu anakauka maji, na wakati huohuo takrolimasi inapanda.

Tengenezeni kadi ngumu ya kukaa kwenye pochi. Mbele: "Nimepandikizwa figo", mwaka, orodha ya dawa, namba ya kliniki. Nyuma, kwa herufi kubwa: asipewe dawa za maumivu za diklofenaki wala ibuprofeni, asianzishiwe rifampisini (ya kifua kikuu, inashusha takrolimasi vibaya sana), antibayotiki za erithromaisini na klarithromaisini wala flukonazoli ya fangasi (hizi zinaipandisha) kabla ya kupiga simu. Chanjo hai, kama ya homa ya manjano, asichomwe. Kadi hii itaokoa watu kuliko hotuba zote za mkutano.

Mhazina_Dodoma

Mfuko. Elfu kumi mara 22 ni laki mbili na ishirini. Andikeni hesabu hiyo ubaoni kabla ya kuanza kuota. Haiwezi kununua dawa za kila mwezi hata za wanachama wachache, kwa hiyo dawa zitoke kwenye orodha ya matumizi tangu siku ya kwanza. Inachoweza ni nauli ya dharura, kipimo kimoja kilichokwama, chakula cha anayemuuguza aliyelazwa. Wekeni kikomo, mfano elfu 60 kwa mtu kwa miezi sita, risiti irudi ndani ya siku saba.

Kukopesha, mimi nasema hapana. Kikundi kinachokopeshana kinaingia chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na usajili wake. Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mdaiwa wenu ni mgonjwa. Akishindwa kulipa ataacha kuja, na mtu aliyeacha kuja ndiye hasa mliyepaswa kumfuatilia. Faini za utoro nazo mzifute. Kwenye kikundi cha kawaida asiyefika ni mzembe, kwenu asiyefika anapigiwa simu jioni ileile.

Usajili wa kikundi cha kijamii anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata: katiba, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha, orodha ya wanachama yenye sahihi, barua ya serikali ya mtaa. Ukikamilika ndipo akaunti ifunguliwe, watia sahihi watatu, wawili watosha kutoa. Msikae na pesa kwenye simu ya mtu mmoja hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Jingine: muhtasari usiandike kreatinini ya mtu wala kwamba fulani "figo imegoma". Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na daftari la katibu linasomwa na watu wengi.

KatibuWaMuda

Shukrani sana wakuu. Mawili yamebaki. Ramadhani, maana nusu yetu ni Waislamu na kila mwaka kuna mjadala mkali. Na tangazo hili la kutafuta mtoa figo limeingia juzi: "Natafuta mtu wa kundi la damu O, gharama zote nalipa." Tumelifuta, wengine wamekasirika.

Sista_Kliniki

Mmefanya vizuri kulifuta. Figo inatolewa na ndugu, baada ya vipimo na mahojiano ya hospitali. Grupu likishakuwa soko, madalali wataingia kwa majina ya wagonjwa. Hao watatu walio kwenye mashine wabaki, wanajifunza mengi, lakini mazungumzo ya nani atamtolea nani yafanyike kwenye familia na kliniki. Vivyo hivyo figo ya mtu ikishindwa akarudi kwenye mashine, uanachama wake haufi. Iandikeni hiyo kwenye katiba kabla haijamkuta mtu.

Ramadhani, mfamasia aseme.

Mfamasia_Temeke

Hesabu ndiyo inayoleta mjadala. Dar, toka alfajiri mpaka futari ni kama saa 13 na nusu. Anayemeza wakati wa daku na wakati wa futari anapata mwanya wa saa 13 na nusu mchana, na 10 na nusu usiku. Kwa figo iliyotulia baadhi ya madaktari hukubali, wakipima kiwango cha dawa na kreatinini kabla ya mwezi kuandama na tena wiki ya kwanza. Aliye ndani ya mwaka wa kwanza, mwenye kisukari, au ambaye kreatinini yake imekuwa ikipanda, asifunge. Figo inayokaa bila maji mchana kutwa kwenye joto, huku ina takrolimasi, inaumia. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na kikundi kisiwe mahali pa kumwonea haya anayekula. Muhimu: aende kliniki Shaaban, asingoje siku ya pili ya mfungo.

Mama_Likoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Naona wale wanne waliotoa figo mmewataja mara moja mkawasahau, na ndivyo ilivyo kwingi. Mtoaji naye ana figo moja. Mara moja kwa mwaka apimwe presha, kreatinini na protini kwenye mkojo, na diklofenaki aiogope vilevile. Akipatikana na presha asinyamaze ili kutomsononesha nduguye. Mfuko wenu wa laki mbili unaweza kulipia vipimo hivyo vya watu wanne kwa mwaka, andikeni kabisa mwezi gani nani anapimwa.

Na mkutanoni muwape dakika zao bila waliowatolea kuwa karibu. Pana maneno mtu hawezi kuyasema mbele ya aliyebeba figo yake.