Dawa za oili kwa injini na giaboksi iliyochoka: zinasaidia ama ni kutupa pesa?

Probox_Mambrui:
Asalaam aleikum wakubwa. Gari ni Probox ya 2008, injini 1NZ-FE, giaboksi otomatiki ya gia nne, kilomita 260,000 zimepita. Kazi yake ni Malindi–Mambrui–Marereni, mara nyingine Watamu. Oili inapungua kama lita 1 kwa kila kilomita 1,200. Asubuhi ukiiwasha inatoa moshi wa buluu kidogo, na ukiikanyaga sana moshi unarudi. Chini hakuna tone hata moja.

Giaboksi nayo ikiwa baridi ukitia D inangoja kwanza ndipo ishike. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inanguruma juu kabla gari halijavuta.

Duka la spea wananiambia ninunue chupa mbili, moja ya injini iliyo nzito kama asali, na nyingine ya giaboksi. Je, nitie? Mwenye kuijua kazi hii anieleze, si mwenye kuuza.

Fundi_Muyeye:
Waaleikum salaam ndugu yangu. Usinunue kwanza.

Oili yoyote nzuri inatoka kiwandani na dawa zake ndani: sabuni za kalsiamu au magnesiamu za kuosha masizi, zinki na fosforasi za kukinga vyuma visisagane, polima za kuifanya isiwe nyepesi kupita kiasi ikipata moto, na dawa ya kuzuia povu. Zimepimwa zikae pamoja. Ile chupa nzito mara nyingi ni oili nzito yenye polima, basi. Nyingi zinaandikwa utie asilimia 20. 1NZ inabeba kama lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo asilimia 20 ni lita 0.74. Yaani karibu robo tatu ya lita ya oili yenye sabuni imetoka, na mahali pake pamekaa kitu kisichosafisha chochote. Moshi utapungua, kweli, maana kitu kizito hakipenyi haraka kwenye ringi (pete za pistoni). Lakini uchafu uliozifunga ringi utazidi.

Jambo jingine, injini hii ina VVT-i, mtambo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka. Valvu yake inaendeshwa na presha ya oili na inapitia kichujio kidogo cha waya. Oili ikiwa nzito mno VVT-i inachelewa kuitikia, na siku moja utaona taa ya injini imewaka ukadhani ni sensa.

Anza na PCV valvu, ile inayopumulisha injini kwa ndani. Iko juu kwenye kava la valvu, ina mpira unaokwenda kwenye manifoldi ya hewa. Ifungue uitikise: nzima inalia kwa ndani. Pulizia upande wa injini, hewa ipite. Pulizia upande wa manifoldi, isipite ama ipite kidogo sana. Ikiwa imeganda kwa tope, presha ya ndani ya injini inasukuma oili juu ya ringi na kwenye oilsili (mipira ya kuzuia oili isivuje), na injini inakula oili bila kosa la ringi. Ni kipuri kidogo cha bei nafuu na mafundi wengi hawakigusi.

Kisha pima kompresheni, yaani presha ya mgandamizo ndani ya kila silinda, kwa geji yake. Injini iwe moto, toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na za injekta, betri iwe na nguvu. Kanyaga mafuta hadi chini halafu piga stata mpaka mshale wa geji usimame. Injini nzima ni karibu psi 213, mwisho wa kukubalika ni psi 156, na silinda na silinda zisipishane zaidi ya psi 15 hivi. Iliyo chini, itie kijiko cha chai kimoja cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi. Isipopanda, valvu.

Ukipata namba zako ziandike hapa.

Karakana_Gede:
Fundi Muyeye amesema vizuri ila kuna mtego hapo. Kompresheni nzuri haimaanishi ringi ni nzima. Pistoni ina ringi mbili za kompresheni juu na ringi ya oili chini yake. Kwenye 1NZ iliyokwenda mbali, inayoganda kwanza mara nyingi ni hiyo ya chini: kaboni inaziba mashimo ya kurudishia oili, ringi inakwama kwenye mfereji wake, na geji yako inasoma psi 200 huku oili inaisha. Wenye 1ZZ-FE, injini nyingine ya Toyota, wanaujua ugonjwa huu vizuri zaidi, kwa sababu pistoni zake za mwanzo zilikuwa na mashimo machache na madogo.

Tofautisha hivi. Moshi ukitoka unapowasha tu, ama baada ya kukaa saileni (injini inawaka bila kukanyagwa) muda mrefu kisha ukakanyaga, angalia sili za valvu, maana oili inateremka kwenye miti ya valvu gari likiwa limetulia. Moshi unaoendelea muda wote wa kuvuta mzigo ni ringi. Wewe una dalili zote mbili, na kwa umri huo si ajabu. Toa plagi uzisome: silinda moja ikiwa na plagi yenye oili na tatu kavu, shida ni ya silinda ile.

Ikiwa kompresheni ni nzuri na PCV ni mpya, hapo ndipo dawa moja inapostahili pesa, nayo haiingii kwenye oili, inaingia juu ya pistoni. Zungusha injini kwa mkono kwa boliti ya puli mpaka pistoni zote nne ziwe nusu ya safari. Utajua kwa kutia bisibisi ndefu polepole kwenye kila tundu, kina kiwe sawa. Mimina dawa ya kulainisha kaboni kama mililita 40 kwa kila silinda, acha ilale usiku kucha, ukiona imeshuka ongeza kidogo. Asubuhi nyonya iliyobaki kwa sindano yenye mpira mwembamba, funika matundu kwa tambara, piga stata bila plagi ili itemee nje. Ukirudisha plagi kabla ya hapo na dawa imebaki juu ya pistoni, unaweza kupinda fimbo ya pistoni, na hilo halina dawa ya chupa.

Mwaga oili yote na ubadilishe filta kabla ya kuwasha, kwa sababu dawa imeteremka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na oili imekuwa nyepesi. Itatoa moshi mwingi dakika za kwanza. Fanya kazi hiyo nje, si ndani ya karakana.

Bandarini_Spea:
Mimi nauza oili, kwa hiyo nisomeni mkijua hivyo. Si kila dawa ni uongo. Molibdeni ni kilainishi cha kweli, na oili nyingi za kisasa zinayo tayari kwa kipimo kidogo. Dawa ya kulainisha mpira wa oilsili inafanya kazi kwenye sili iliyokauka, haifanyi kwenye iliyokatika. Na difu yenye LSD (klachi za kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure) inahitaji dawa yake ya msuguano. Bila hiyo inagongagonga kwenye kona.

Lakini zile zenye PTFE (plastiki telezi, ile ya sufuria zisizoshika) zinazoahidi kufunika vyuma vya injini, ziacheni. Slick 50 ilikuwa maarufu kuliko zote, na kule Marekani tume ya serikali ya biashara iliifikisha mbele ya sheria kwa madai yake ya matangazo. 1997 kampuni ikakubali kutoyarudia bila ushahidi.

Kwa Probox hiyo, badala ya chupa, hama kutoka oili ya uzito wa 5W-30 uende 10W-40 yenye alama ya ubora ya API SN au SP. Malindi hakuna baridi ya kuhitaji 5W. Unapata uzito uliokuwa unautafuta, na sabuni yote imo. 20W-50 mimi simpi mwenye VVT-i.

Fundi_Muyeye:
Hapo kwa 10W-40 nakubaliana na wewe. Naongeza tu kwamba vitabu vingi vya Toyota vinakubali mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000, kwa hiyo gari hili halijafa. Linalouwa 1NZ ni kuachwa mpaka dipstiki ikauke. Kikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili. Oili ikishuka cheni inalegea, unaisikia inapiga kelele asubuhi. Pima kila unapotia petroli, gari likiwa mahali sawa, dakika tano baada ya kuzima.

Na filta ya hewa! Mwenye safari za Marafa au barabara ya Sala Gate aifungue aikague mara kwa mara. Vumbi likipita pembeni ya filta iliyokaa vibaya linasaga ringi na silinda, na chuma kilichosagika hakirudi.

Otomatiki_Tu:
Nimesoma yote ni injini. Giaboksi ndiyo itakayomla pesa kwanza.

Usitie dawa yoyote mpaka ujue kiwango na aina ya ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki. Giaboksi hiyo inatumia Type T-IV, si WS; WS ni nyepesi zaidi na hazichanganywi. Pima injini ikiwa inawaka na giaboksi ikiwa moto, baada ya kuendesha kama dakika 20. Pitisha mkono wa gia P mpaka L na kurudi P, chomoa dipstiki, pangusa, rudisha, soma kwenye alama ya HOT. Ikiwa chini, hewa inaingia kwenye pampu, na kungoja na kuteleza vyote vinaweza kutoka hapo. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, bamba za klachi zimeanza kwisha.

Kisha pima muda. Giaboksi moto, breki ya mkono na ya mguu, injini saileni. N kwenda D mpaka usikie imeshika, isizidi sekunde 1.2. N kwenda R isizidi 1.5. Rudia mara tatu, ukipumzika dakika moja katikati, uchukue wastani. Baridi ikichelewa na moto ikawa sawa, hizo ni sili za ndani zilizokauka, na dawa ya kulainisha sili inaweza kukupa miezi. Kuteleza kwa pili kwenda tatu hata ikiwa moto ni bamba ama presha ya valvubodi (sehemu inayogawa presha ya oili kwenye gia), na hakuna kitu cha kumimina kitakachorudisha karatasi ya msuguano kwenye bamba.

Fungua pani ya chini. Inatoka ATF kama lita 3. Sumaku zilizomo ndani ya pani zikiwa na unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma ama nyuzi za bamba, funga uanze kutafuta giaboksi. Safisha sumaku, badilisha kichujio na gasketi, rudisha kiasi kilekile kilichotoka kisha upime kwa dipstiki. Endesha siku chache, urudie kumwaga lita 3. Usikubali mashine ya kusukuma yote kwa mara moja kwenye giaboksi ya umri huu: inaamsha uchafu na kuupeleka kwenye valvubodi.

Wenye CVT, otomatiki ya mkanda na puli badala ya gia, musijaribu hata tone la dawa ya kuteleza. Mkanda wa chuma unashika puli kwa msuguano, mukiuondoa msuguano munachana puli.

Tuktuk_Maweni:
Na gia za mkono je? Hiace yetu inakwaruza ikiingia gia ya pili, fundi anasema tutie molibdeni.

Otomatiki_Tu:
Msitie. Singi, ile pete ya shaba ndani ya giaboksi, inashika kwa msuguano ili kulinganisha kasi ya gia. Ukiitelezesha, gia inakwaruza zaidi. Mwageni, tieni oili ya gia ya 75W-90 ya daraja la GL-4. GL-5 nyingine ina salfa inayokula shaba za singi za zamani. Boda boda na tuktuk zenye klachi ndani ya oili, hadithi ni hiyohiyo: oili iwe na alama ya JASO MA, ya oili zinazofaa klachi hiyo, dawa ya gari isiingie.

Probox_Mambrui:
Nimewaelewa, shukrani. PCV naanza nayo kesho. Swali la mwisho: fundi wa mtaani anataka kuosha injini kwa dizeli kabla ya kutia 10W-40. Awashe dakika tano halafu amwage.

Karakana_Gede:
Mkatalie. Dizeli haina nguvu ya kubeba mzigo kwenye beringi, na ile dakika tano inang'oa tope kwa mafungu mpaka linaziba kichujio cha pampu ndani ya sampu. Taa ya oili itawaka kilomita chache mbele. Isitoshe, inabaki kidogo kila unapomwaga na inaharibu oili mpya. Ukiona tope jingi chini ya kifuniko cha oili, ashushe sampu, asafishe kichujio kwa mkono, arudishe kwa silikoni mpya. Ikiwa si jingi, tia 10W-40, badilisha pamoja na filta kwa kilomita 2,000, kisha 3,000, kisha 5,000. Oili ya kwanza itatoka nyeusi tii. Hiyo ndiyo kazi ya sabuni iliyomo.