Je, koo la hewa lililobana linaweza kubadilishwa kwa bomba la plastiki?

Kaka wa Mgonjwa
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 26, alipata ajali ya pikipiki akalazwa wiki tatu katika chumba cha wagonjwa mahututi, akipumua kwa mashine. Majeraha yalipona, lakini miezi miwili baadaye alianza kukoroma akiwa macho, na kipimo cha kamera kikaonyesha kovu lililobana koo la hewa. Limepanuliwa mara mbili kwa puto, na mara zote mbili limebana tena. Nimesoma kwamba Uswidi kuna mgonjwa aliyewekewa koo la plastiki lenye seli zake mwenyewe. Je, tiba hiyo ingalipo, na je, familia ianze kuchangishana fedha za kumpeleka nje?

Daktari wa Kifua
Pole sana, ndugu yangu, wewe na familia nzima. Tafadhali msiuze chochote kwa ajili ya tiba hiyo. Mgonjwa uliyesoma habari zake ni Andemariam Beyene, raia wa Eritrea aliyekuwa akisoma jiolojia nchini Iceland, ambaye Juni 2011 aliondolewa koo la hewa lenye uvimbe katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Karolinska, akawekewa bomba la polima, yaani plastiki, lililolowekwa seli za uboho wake. Alifariki Januari 2014. Wagonjwa wote watatu waliofanyiwa upasuaji huo hospitalini hapo walifariki, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Uswidi ilimhukumu daktari mpasuaji, Paolo Macchiarini, kifungo cha miaka miwili na nusu.

Inafaa kuelewa kwa nini lilishindikana. Koo la hewa hulishwa na vijishipa vidogo vya damu vinavyoingia kutoka pembeni, na ndani limetandikwa utando wenye vinyweleo vinavyosukuma makohozi kwenda juu usiku na mchana. Plastiki haina damu, kwa hiyo utando hauoti juu yake. Makohozi hukwama, na bakteria wanaoingia kwa kila pumzi hujenga makao pale palipounganishwa hadi mshono unaachia. Kuinyunyizia seli shina, yaani hizo seli changa za uboho, hakuipi mishipa ya damu.

Mtafiti wa Tishu
Naungana na Daktari, ila nisingependa wasomaji wadhani kwamba utafiti wote umeishia pale. Karibu na Paris, timu ya Emmanuel Martinod hutumia kipande cha aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) kutoka kwa marehemu, kilichogandishwa na kushikiliwa wazi kwa stenti, yaani kibomba cha kutanulia, bila dawa za kushusha kinga. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2018, wagonjwa 13 walipandikizwa. Baada ya takriban miaka minne 10 walikuwa hai, na 8 kati yao wakipumua vizuri baada ya stenti kutolewa. Lililonishangaza zaidi ni kwamba gegedu mpya iliota ndani ya aota hiyo, ikitokana na seli za mgonjwa mwenyewe. Huko Michigan nako, mwaka 2012, mtoto mchanga ambaye tawi la koo lake lilikuwa likijikunja alifungiwa kwa nje banzi lililochapishwa kwa polikaprolaktoni, aina ya plastiki ambayo huyeyuka mwilini baada ya takriban miaka mitatu. Mtaona kwamba banzi hilo halikuchukua nafasi ya koo, bali lililishikilia likiwa na damu yake.

Kaka wa Mgonjwa
Nawashukuru kwa dhati. Taarifa ya CT inasema sehemu iliyobana ina urefu wa sentimita 2.5. Je, kipimo hicho kina maana yoyote?

Daktari wa Kifua
Kina maana kubwa, na ni habari njema. Koo la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 11, na kwa kawaida linaweza kukatwa hadi karibu nusu yake, ncha mbili zikavutwa na kushonwa pamoja bila kipandikizi chochote. Mwulizeni daktari wenu kovu liko umbali gani kutoka kwenye nyuzi za sauti, na kama uvimbe umetulia, kwa sababu kushona tishu iliyovimba ni kukaribisha kovu jingine. Mwandaeni pia mdogo wako kwa jambo moja: mara nyingi kidevu hushonwa kwa uzi hadi kifuani kwa takriban wiki moja, ili asiinue kichwa na kuuvuta mshono.