Nina mimba ya miezi minne, vidonge vya majira sijaruka hata siku moja. Nani aliwaambia dawa ya asili "haina madhara"?

Wakuu mnisamehe, leo naandika na hasira na wala sirudii kusoma.

Nina miaka mitatu kwenye vidonge vya majira. Saa tatu usiku kila siku, alamu ikilia namwacha mtu na maneno yake mdomoni naenda kumeza. Sasa nina mimba, na kila ninayemwambia, kuanzia mume wangu mpaka nesi wa kwanza, jibu ni lilelile, "utakuwa ulisahau siku moja". SIKUSAHAU. Nesi wa pili yeye alicheka kabisa akasema wote mnasemaga hivyohivyo. Yaani mtu mzima unaitwa mwongo hivihivi huku unatabasamiwa.

Wa tatu ndo akauliza swali ambalo hata dakika halimalizi: "Kuna kitu kingine chochote ulikuwa unatumia?"

Kilikuwepo. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa na huzuni tu isiyoeleweka, usingizi hakuna, nikauziwa vidonge vya mmea unaitwa St John's wort. Na muuzaji nilimwambia kwa mdomo wangu natumia majira! Akanijibu dada hayo ni majani tu, hayana kemikali, hayaingiliani na kitu, tena yanasafisha mwili. Yakasafisha kweli. Yakasafisha na majira yangu.

Ngoja niwaeleze maana mimi hakuna aliyenieleza. Kidonge ukimeza hakiendi moja kwa moja kufanya kazi, kinayeyuka, kinanyonywa hasa kwenye utumbo mwembamba, halafu damu inayotoka huko inapitia kwanza kwenye ini kabla haijasambaa mwilini. Pale kwenye ini, na hata kwenye kuta za utumbo wenyewe, kuna vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa, kimoja kinaitwa CYP3A4, jina kama pleti namba ya gari lakini ndo kinachoshughulika na dawa nyingi kuliko wenzake. Waliopanga dozi wameshapiga hesabu ya kiasi kitakachopotea hapo njiani. Sasa ule mmea unalichochea ini litengeneze vimeng'enya vingi kuliko kawaida, hesabu yote inavurugika, homoni za majira zinavunjwa harakaharaka, kiwango kwenye damu kinashuka na yai linatoka zake. Mimi nameza kwa imani, ini linafagia. Na ukiuacha leo usidhani leo hiihii mambo yamekaa sawa, inachukua kama wiki mbili hivi ini kutulia.

Na si majira tu. Mmea huohuo unashusha nguvu za dawa wanazomeza waliopandikizwa figo, baadhi ya ARV, na wafarini ya kuzuia damu kuganda. Mimi nimepata mtoto, mwenzangu atapoteza figo, na wote tumeambiwa ni majani tu.

Halafu hili neno "haina kemikali" linanipandisha presha. Kama haina kemikali inatibu kwa kutumia nini? Kwinini imetoka kwenye gome la mti. Mofini kwenye mmea. Digoksini ya moyo, mmea, na ukizidisha kidogo tu inaua. Ini halijui kama kitu kimetoka shambani au kiwandani, linavunja kinachopita. Hata tunda! Balungi linafanya kinyume, linazima hicho kimeng'enya kwenye utumbo, dawa inaingia kwenye damu nyingi kupita dozi uliyopewa. Watafiti wa Kanada waliligundua kwa bahati tu, walikuwa wanapima pombe na dawa ya presha, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, kuja kuangalia damu dawa imejaa kuliko ilivyotegemewa. Waliliandika 1989. Mwaka 1989 jamani! Mimi nasikia leo na mimba juu.

Na nyie wa hospitali msijifiche nyuma ya muuzaji. Miaka mitatu napewa pakiti, "kimoja kila siku", anayefuata aingie. Hakuna aliyewahi kuniuliza nameza nini kingine. Na mkisikia mtu katumia mitishamba mnamfokea mbele za watu, sasa mnategemea nani awaambie? Watu wanaficha, mnabaki kuandika "alisahau kidonge" kwenye faili. Nimemwambia yule nesi wa pili afute hiyo sentensi kwenye faili langu, kasema haifutiki.

Mume wangu nimemuonyesha yote haya, kasoma, kanyamaza, kaomba msamaha nusunusu. Namfikiria.

Muuzaji nilimtumia meseji juzi, ndefu, nimemweleza kilichotokea na kumwomba awaonye wateja wengine wanaotumia majira. Akajibu "hongera mama 🌸" halafu akaniblock.